Nilikimbia Kumwita Rebeka

Mayu Minza,

Nimeandika jina lako, mama. Mkono ulisita kidogo, nikasema acha niandike tu. Miaka tisa sijalitamka jina hili, wala wewe hukutamka langu. Nikitaka kukutaja nilisema "mama yake Kabula", na wewe ukitaka kunitaja ulisema "huyo mtu". Ndivyo ilivyo kwetu baina ya mkwe na mama mkwe, au tuseme ndivyo ilivyokuwa kwenu Itilima, maana hapa Bariadi mjini siku hizi naona wakwe wanakaa sebule moja wanaangalia taarifa ya habari. Sisi hatukuwahi kukaa sebule moja. Kwa hiyo usishtuke ukiona naongea na wewe moja kwa moja. Ni mimi Shija, mume wa Kabula, yule wa kwenye mashine ya kufunga marobota ya pamba.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ndizo ungeuliza kwanza. Uliondoka Julai, katikati ya msimu wa pamba, na sasa tuko kwenye palizi. Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa pamoja, lile shamba la mpunga kule bondeni limesimama vizuri. Yule ng'ombe wako mwekundu kazaa ndama jike. Kuku wako wamehamia kwa jirani, tumewafuata mara tatu wanarudi huko huko, tumewaacha. Mzee wako anajipikia uji asubuhi, hataki mtu amsaidie, anasema wake za watoto wake wanamwaga sukari. Uji wenyewe unaungua kila siku na anaunywa hivyo hivyo. Mjukuu wako Minza, ambaye mimi humwita bibi tu nisije nikakutaja, yuko darasa la pili, na mwalimu wake anasema anaongea sana darasani. Nikamwambia Kabula hiyo tumwachie mwenye jina.

Kiwandani nako kuna mabadiliko. Wamebandika picha ukutani, pale mlipokuwa mnakaa kula, zinaonyesha mtu aliyepaliwa na mwingine aliyesimama nyuma yake. Na msimamizi ametoa amri kwamba ni marufuku kula matobolwa kazini. Ati hivyo viazi vikavu ni hatari. Kwa hiyo baada ya yote yaliyotokea, viazi ndivyo vilivyofukuzwa kazi. Mimi bado nipo.

Ndiyo maana nakuandikia.

Kabla sijawa mkwe wako nilikuwa mwanafunzi wako. Wakati mwingine nasahau, kwa jinsi ile miaka tisa ilivyofunika mingine. Nilifika pale kiwandani sijui kitu zaidi ya kubeba. Msimamizi akaniangalia mabega, akasema wabebaji wametosha, nenda kwenye turubai la kupokelea pamba ukachague uchafu na wanawake. Wanawake kumi na mimi. Niliona kama nimetupwa. Wewe hukunionea huruma hata kidogo. Ulinishika mkono, ukauzamisha kwenye lundo la pamba lililotoka kushushwa kwenye lori, ukasema, "Usiangalie. Macho yanadanganywa. Shika." Nikashika. Ukahamisha mkono wangu kwenye lundo la pili. "Hii imemwagiwa maji ili iwe nzito mizani. Pamba kavu inakwaruza, yenye maji inabembeleza. Anayekubembeleza muogope." Wenzako wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku ile hakuna mkulima aliyewahi kunipitishia pamba ya maji.

Tulikula sinia moja, mayu. Kabula alikuwa anakuletea chakula mchana, na wewe ndiye uliyenishtukia kabla sijajishtukia mwenyewe. "Shija, unaangalia chakula au mleta chakula?" Mbele ya watu wote. Nilitaka ardhi inimeze. Ulinipenda, najua, na ulipoulizwa na mzee kuhusu mimi ulisema kijana ni mchapakazi, mengine atafundishwa.

Halafu ng'ombe za mahari zikafika kwenu, harusi ikapita, na Jumatatu yake nikakukuta getini. Nikakusalimia kama kila siku, "Mwangaluka, mayu." Ukavuta kanga usoni, ukaacha njia, ukapita nyuma ya mizani. Nilidhani unanitania. Nikaja mpaka kwenye turubai ninacheka, nikakuta umekaa umenipa mgongo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mambo yamebadilika. Msimamizi ni Msukuma wa Maswa, hakuhitaji kuelezwa. Wiki hiyo hiyo akanihamishia kwenye marobota.

Sikulalamika, nami nililelewa hivyo hivyo. Nilimwona baba yangu akiingia kwenye mahindi ya watu, anayakanyaga, kwa sababu kwa mbali amemwona mama mkwe wake anakuja. Ni heshima, na ina utamu wake. Unajua kuna mtu mmoja duniani anayejichunga asikuvunjie utu, na wewe unajichunga usimvunjie wake. Lakini wiki zile za kwanza nilikuwa mpweke. Nilikuwa nimezoea kukuuliza kila kitu.

Ukabuni njia yako. Ulikuwa unapita karibu na mashine yetu umegeukia ukuta, unauambia ukuta: "Kuna mtu leo hajala, anadhani marobota yanashibisha." Au: "Kuna mtu shati limechanika begani, sijui ana mke wa namna gani." Mke wenyewe ni mtoto wako wa kumzaa. Mimi nikaliambia robota, "Wabeja," nikijua shukrani imefika. Wenzangu walitucheka mpaka wakazoea. Miaka tisa tuliongea hivyo, wewe na ukuta wako, mimi na robota langu, na sikumbuki siku uliyoniacha bila neno.

Sasa yale mafunzo.

Ilikuwa kabla ya msimu kufunguliwa, mashine hazijawashwa. Watu wa usalama kazini walikuwa wamekagua kiwanda wakasema lazima kuwe na kikosi cha huduma ya kwanza, na wafanyakazi wote wafundishwe. Akaja nesi Zuhura, mtu wa Tanga, na mdoli wake wa mpira asiye na miguu. Nyamizi, rafiki yako wa kwenye turubai, akampa jina papo hapo, Bwana Bila Miguu. Uligoma kumpulizia mdomoni. Ukasema, kwa kuuambia ukuta, kwamba huyu bwana hujui ukoo wake. Nesi alicheka mpaka akakaa chini.

Alitufundisha kubonyeza kifua, thelathini kisha pumzi mbili. Alitufundisha kufunga mkono uliovunjika, kupoza palipoungua kwa maji ya bomba na si kwa dawa ya meno. Halafu akaja kwenye kupaliwa. Alisema mtu aliyepaliwa kabisa hapigi kelele wala hakohoi, anashika koo. Msimpe maji. Msimpige utosini. Mwinamishe, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Ikishindikana simama nyuma yake, mzungushie mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu kuja ndani na kwenda juu. Alirudia mara tatu. Mimi nilishika vizuri, maana nilikuwa nimeandikwa mkuu wa kikosi na Rebeka wa mizani akawa msaidizi wangu. Nilipewa reflekta ya kijani yenye msalaba mweupe mgongoni, na ukweli niseme, niliivaa mpaka nyumbani.

Ukafika muda wa kufanya mazoezi wawili wawili. Nesi akachukua orodha ya majina, akasoma anavyoshuka. "Shija na Minza."

Ukumbi ulilipuka kicheko. Mimi nilishasimama na kutoka nje. Nimeambiwa wewe ulijifunika kanga na kuinama mpaka magotini. Msimamizi akamweleza nesi kwamba huyo ni mkwe wake, haiwezekani. Yule dada aliomba radhi vizuri sana, akasema mimi mgeni jamani, nisameheni. Akabadilisha. Mimi nikapangwa na dereva, wewe na Rebeka. Kila mtu akaridhika. Jioni hata wazee walisema yule nesi ana adabu ya kusikiliza.

Hakuna aliyeuliza swali, mayu. Watu arobaini mle ndani, na mimi mkuu wa kikosi, hakuna aliyenyoosha mkono akasema: sawa, tumebadilisha, na siku ikiwa ni kweli? Tulicheka, tukaendelea. Nimefikiri sana juu ya mchana ule. Naona siku ile nilifanya mazoezi ya namna nitakavyokuacha, na watu wakanipigia makofi.

Basi nije kwenye siku yenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Mlikuwa mnakula chini ya paa la ghala, matobolwa na karanga. Upande wetu mashine zilikuwa zinanguruma kwa sababu malori ya pamba kutoka Lagangabilili yalikuwa yamepanga foleni tangu asubuhi. Nilitoka kunawa mikono bombani. Nyamizi alikuwa anasimulia habari za jogoo wake, nawe ulikuwa unacheka mdomo umejaa. Nilisikia kicheko chako. Kisha nikakisikia kikikatika, kikawa kikohozi, na kikohozi nacho kikakatika.

Ulisimama. Ukashika koo.

Mmoja akakupa maji kwenye kikopo, mwingine akakupiga utosini, yote yale tuliyokatazwa. Mimi nilijua. Sikuwa na shaka hata chembe, ilikuwa vile vile nesi alivyosema. Nikakimbia kuja kwako, wanawake wakanipisha. Zilibaki hatua sita au saba. Ndipo ukaniona.

Ukavuta kanga usoni kwa mkono mmoja, huku wa pili bado uko kooni. Ukageuka, ukaenda nyuma ya marobota.

Mayu, ulikuwa huna hewa na bado ulikumbuka kunistahi. Nikikumbuka hilo nalia mpaka leo, na sioni haya kukwambia. Nami nikasimama.

Nimejaribu kujiambia kwamba sikufikiri. Si kweli, nilifikiri. Nilifikiria mikono yangu kiunoni mwako mbele ya wanawake kumi. Nilifikiria watakavyosema kule kwenu, na utakavyoishi na aibu ile uzeeni, na nitakavyoingia kwenye ua wa mzee. Yote hayo yalipita kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikageuka, nikakimbia kumwita Rebeka.

Rebeka alikuwa mizani, ng'ambo ya uwanja, lori liko juu ya mizani na dereva anabishana naye. Nilikimbia, mayu. Sijawahi kukimbia vile. Nilimpigia kelele hasikii kwa sababu ya mashine, mpaka nikamfikia nikamvuta mkono. Nilipokuwa nakimbia nilijisikia nafanya kitu kikubwa. Kumbe nilikuwa naongeza hatua.

Tuliporudi ulikuwa chini. Rebeka akapiga magoti, akakufungua mdomo akaangalia, hakuona kitu, akaanza kubonyeza kifua. Alifanya kama alivyofundishwa. Mimi nilisimama upande wa pili wa marobota nimekupa mgongo, nikawa namhesabia kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini, na kurudia. Nilihesabu vizuri sana, sikukosea hata mara moja. Mikono huchoka upesi kwenye kazi ile, nesi alisema tubadilishane. Rebeka akaita, "Shija, nimechoka, njoo nishikie." Sikuja. Akaita tena. Nikamwambia Nyamizi aende. Nyamizi naye akawa anabonyeza tumboni badala ya kifuani. Rebeka akamsogeza, akaendelea mwenyewe, analia.

Ikaja gari ya kiwanda. Nilikaa mbele na dereva, wewe ukawekwa nyuma na wanawake. Hospitali daktari akasema tumechelewa. Akauliza kwa ajili ya fomu ya ajali ya kiwanda, nani alimfikia kwanza? Wanawake wakasema Rebeka. Akaniangalia mimi mwenye reflekta. Nikaitikia kwa kichwa.

Unisamehe kwamba sikukaa nyuma na wewe kwenye gari. Hilo nalo linanisumbua, ingawa pengine ni dogo.

Kwenye msiba watu walinisifu. Hilo sikulitegemea. Baba mdogo wa Kabula alisimama baada ya katekista kumaliza sala, akasema mmemwona mkwe huyu, mwingine angejisahau kwa taharuki, huyu hakujisahau, amemheshimu mama yake mpaka mwisho. Watu wakaitikia. Wanaume wazima wakanishika mkono. Wanawake wa turubai walikuwepo, walioniona nikisimama, nao wakaitikia kwa vichwa kwamba ni kweli. Kwao nilifanya sawasawa. Na Kabula, siku ya kuanua matanga, akaniambia asante kwa kumtunzia mama heshima yake. Nikasema haya.

Sifa zikiwa zimekuja kwangu, lawama ilibidi iende mahali. Ikaenda kwa Rebeka. Kwanza yalikuwa maneno ya pembeni, kwamba alichelewa mizani akibishana na dereva. Halafu kwamba alibonyeza vibaya. Halafu wakasema ana mikono ya mkosi. Msimu ulipokuwa unaisha kuna wanawake walikuwa hawapokei chakula alichopakua yeye. Wewe ungewasema, najua, tena bila kugeukia ukuta. Mimi nilikuwa nawasikia, nafunga robota langu.

Mwezi wa kwanza msimamizi akatuita tuandike kikosi cha msimu ujao. Rebeka alikuja na reflekta yake imefuliwa na kukunjwa. Akaiweka mezani. Akasema, "Mimi mikono yangu imeshaua mtu. Mwandikeni mwingine." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayetaja umri wake. Msimamizi akakata jina lake akaandika la mwingine. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Nilitoka pale bado mkuu wa kikosi, nikafika nyumbani nikashindwa kula. Nilikaa hivyo wiki mbili.

Siku ya tatu ya wiki ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia yote, nimesimama, maana hakunikaribisha kiti na nisingekaa. Nilimwambia kwamba nilikukuta umesimama kwa miguu yako. Kwamba nilikuwa hatua sita au saba, na nilijua la kufanya. Kwamba alipofika yeye, muda ulikuwa umeshaliwa, na mimi ndiye niliyeula. Ungo ukawa umesimama mikononi mwake. Akasema, "Miezi yote hii unanisalimia."

Akaingia ndani na mchele wake. Nilisubiri pale uani, sijui nilikuwa nasubiri nini. Baadaye akatoka, akasema niende kwa wale waliomsema, mmoja mmoja, na nianze na Kabula.

Nilipitia kwa msimamizi kwanza, nikaomba ile fomu irekebishwe. Akasema mambo yameshaisha, ya nini kufukua. Nikamwambia kwa Rebeka hayajaisha. Akanipa karatasi nyingine, nikaandika kwa mkono wangu: Aliyemfikia kwanza ni mimi Shija. Alikuwa amesimama. Sikumgusa. Akaibana kwenye faili. Aliisoma kabla hajaibana, kisha akanisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kabula nilimwambia shambani. Tulikuwa tunapalilia pamba, kila mmoja na mstari wake, asubuhi jua halijakali. Nilichagua shambani kwa sababu nilikuwa mwoga, nilitaka mikono iwe na kazi. Nikasema yote bila kusimamisha jembe. Naye hakusimamisha lake. Alilima mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akaweka jembe chini.

Akauliza, "Ulitakiwa umfanyie nini? Nionyeshe."

Nikasema twende nyumbani. Akasema hapa.

Nikaenda nyuma yake. Nikamzungushia mikono. Nikaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, nikafunika na kiganja cha pili. Sikuvuta, nesi alitukataza kumvuta mtu ambaye hajapaliwa. Nikabaki nimemshika hivyo katikati ya pamba, na kuna mtu alipita barabarani na baiskeli akatuzomea kwa utani, akidhani tunacheza. Kabula aliinamisha kichwa akaiangalia mikono yangu tumboni kwake.

"Ni hivi tu?"

Nikamwambia, ni hivi tu.

Akaitoa mikono yangu, mmoja, halafu wa pili, akaokota jembe akaanza mstari mwingine. Nami nikaanza wa pembeni yake.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Anapika, nakula, mtoto ndiye anayeongea kwa niaba yetu wote. Hajanifukuza na hajanisamehe, na sijamwomba haraka. Ana haki ya kukaa na jambo hili kadiri anavyotaka, ni mama yake. Wanawake wa turubai nimewafikia saba. Watatu walisema nimechanganyikiwa na msiba, eti hakuna kosa nililofanya. Nyamizi alilia, akasema yeye ndiye aliyekuchekesha. Kila mtu ana lake, kumbe. Nilimwambia kicheko hakina hatia.

Amebaki mzee. Nitaenda Jumapili baada ya misa. Naogopa, mayu, nikwambie ukweli. Nimekaa kwenye ua ule kama mkwe mwenye adabu, nimekula mbuzi wa sifa hizo, na sasa naenda kumwambia mume wako kwamba ungekuwa unampikia uji leo. Anaweza kunitimua. Anaweza kumwita binti yake arudi nyumbani. Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu, lakini jana Kabula akiwa anaosha vyombo alisema, "Tutaenda wote."

Mwezi wa tano nesi Zuhura anarudi. Nimeshampigia simu. Nimemwambia safari hii akisoma majina asibadilishe, na kama atakutana na wakwe, awaulize pale pale mbele za watu watafanyaje. Watu waone aibu ukumbini, kwenye mdoli, wakati bado inaweza kuwasaidia. Rebeka sijui kama atakuja. Reflekta yake ipo kwangu, sijampa mtu.

Nakuaga, mayu. Kaburi lako tumelisakafia, na Kabula amepanda maua ambayo mbuzi hawayapendi. Sitakuja kusimama mbali tena, nikija nitakaa karibu, utanivumilia. Nina ahadi moja tu, nayo ni hii. Mtu yeyote atakayeshika koo mbele yangu, awe mama wa mtu, awe mke wa mtu, awe mkwe wa kesho wa mwanangu Minza, akivuta kanga nitamvuta na kanga yake, akikimbia nitamkimbilia. Nitamshika kwanza. Aibu tutagawana akishapumua.

Shija wako